Injini Ikigonga, Isikilize Kabla ya Kuifungua

Juma hili sitasema habari za vikao wala za bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya sauti moja ambayo imewafanya watu wengi wauze mbuzi, wakope fedha, na wengine wauze gari lenyewe kwa bei ya vyuma chakavu. Ni sauti ya injini ya dizeli inayogonga mara baada ya kubadilishiwa nozeli.

Niliisikia sauti hiyo Agosti iliyopita nikiwa Makutupora. Makutupora ninayoisema ni hii ya Dodoma, kaskazini mwa mji, kwenye barabara iendayo Kondoa hadi Arusha. Siyo ile ya wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, inayotajwa sana siku hizi kwa sababu kipande cha reli ya kisasa kitokacho Morogoro kinaishia huko. Hii yetu ndiyo yenye visima vya Mzakwe vinavyowapatia maji watu wa mji wa Dodoma, yenye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa na kituo cha utafiti wa zabibu. Iko hata zabibu nyekundu ya mvinyo inayobeba jina la mahali hapa, Makutupora Red.

Nilikwenda kumtembelea shemeji yangu ambaye ana shamba la zabibu. Huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mapema mwaka na tena katikati ya mwaka kuelekea Septemba. Siku ya kuvuna watu huamka usiku, kwa sababu zabibu iliyokatwa haingoji. Jua la Dodoma likiikuta ndani ya kreti, inalegea, inatoa maji na kuanza kuchacha, na mnunuzi anaweza kuikataa. Basi alfajiri ile makreti yalikuwa yamejaa, vibarua wamekaa kando wakipiga miayo, na dreva akawasha Canter ya shemeji.

Ng'o, ng'o, ng'o! Ilikuwa kama mtu amejifungia ndani ya injini na nyundo anaomba kufunguliwa.

Dreva akazima. Akawasha tena. Hali ni ile ile. Kijana mmoja fundi aliyekuwa jirani akaja, akasikiliza kwa muda usiozidi dakika moja, akatoa hukumu: "Bosi, konrodi imekula beringi. Injini ishushwe, ifanyiwe ovahoo." Shemeji akakaa juu ya kreti, mikono kichwani. Kushusha injini si jambo la siku moja, na gharama yake ni sawa na mavuno yale yote yaliyokuwa mbele yake. Zaidi ya hayo, zabibu zilikuwa zimekwisha kukatwa.

Ndipo mama mmoja katika wale vibarua akasema yuko mzee kijijini aliyepata kufanya kazi ya mitambo ya dizeli kwa miaka mingi. Akaitwa. Akaja taratibu, amevaa koti, na mfukoni ana bisibisi ndefu. Tukamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," naye akaitikia. Hakugusa kitu. Aliuliza maswali kwanza.

"Imeanza lini kugonga?"

"Jana jioni, mzee," dreva akajibu. "Niliipeleka mjini kubadilisha nozeli. Ilipowashwa pale pale gereji ikaanza. Fundi akasema itazoea."

"Kabla ya hapo ilikuwa inagonga?"

"Hapana. Ilikuwa inatoa moshi mweusi na kula mafuta mengi."

Mzee akatugeukia. "Sasa wanangu, aliyeingia ndani jana hamjamwuliza kitu, mnataka kumkamata aliyelala humo miaka yote?"

Ndugu msikilizaji, kwa maneno hayo mzee alikuwa amesema karibu kila kitu ninachotaka kukueleza leo. Lakini ili tuelewane vizuri, hebu tuone kwanza injini ya dizeli inafanyaje kazi, na kwa nini inagonga.

Injini ya petroli huwasha moto wake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alitaka joto la hewa iliyokandamizwa lifanye kazi hiyo, na mwaka 1897 huko Augsburg injini yake ilijaribiwa ikafaulu. Hewa huvutwa ndani ya silinda, kisha pistoni inapopanda huikandamiza mpaka ibanwe katika nafasi iliyo ndogo mara 17 hadi 20 hivi kuliko ile ya mwanzo. Hewa iliyobanwa kiasi hicho hupata joto linalozidi nyuzijoto 500. Hapo ndipo nozeli inaponyunyiza dizeli kama ukungu, na ukungu ule unawaka wenyewe.

Injini za Diesel mwenyewe zilipuliza mafuta kwa hewa ya mtungi, na mtambo wake ulikuwa mzito mno kwa gari. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma dizeli moja kwa moja hadi kwenye nozeli, na tangu hapo injini hii ikafaa kubebwa na malori. Kwa hiyo pampu na nozeli ndio moyo wa dizeli. Ukiugusa moyo, lazima uuguse kwa adabu.

Sasa kugonga kunatoka wapi? Mafuta hayawaki saa ile ile yanapoingia. Yanahitaji kitambo kidogo sana, kinachopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, ili yachanganyike na hewa na kushika joto. Kitambo hicho kikiwa kifupi, mafuta huwaka kadiri yanavyoingia, nayo injini hunguruma kwa utulivu. Kikirefuka, au mafuta yakiingia kabla ya wakati, au yakiingia kama matone badala ya ukungu, yanarundikana. Kisha yanalipuka yote kwa pamoja. Mshindo huo hupiga kichwa cha pistoni, na ndio tunaousikia.

Ndiyo maana gari la dizeli likiwashwa alfajiri ya mwezi wa Julai hapa Dodoma, baridi inapouma, hugonga kidogo kisha likatulia baada ya kupata joto. Hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni kugonga kusikoisha injini inapopata moto, au kugonga ambako jana hakukuwapo.

Turudi Makutupora. Mzee alifanya mambo manne, nami nayataja kwa mpangilio wake kwa sababu mpangilio ndio uliookoa fedha za shemeji.

Jambo la kwanza, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakinusa. Alitaka kujua kama oili imepanda juu ya alama yake na kama inanuka dizeli. Nozeli inayovuja hujaza dizeli ndani ya silinda, nayo hushuka hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji, na beringi zikaliwa kweli. Tena, ikivuja usiku kucha silinda inaweza kujaa. Asubuhi ukipiga stata, pistoni inakutana na mafuta yasiyokubali kukandamizwa, na konrodi inapinda. Oili ikiwa imepanda na inanuka, usiwashe tena. Yetu ilikuwa sawa.

Jambo la pili, aliagiza injini iwashwe, akaiacha ingurume polepole, akaiweka ncha ya bisibisi kwenye injini, silinda moja baada ya nyingine, mpini wake ukiwa sikioni. Akatuambia sauti ni kubwa zaidi silinda ya tatu. Hapa kuna fundisho kubwa. Kama silinda zote zingegonga sawasawa, angetafuta kosa linalozihusu zote. Ikigonga moja tu, kosa ni la hiyo moja.

Makosa ya silinda zote ni machache. Kwanza ni upepo. Kila unapofungua mabomba ya dizeli, hewa huingia, na usipoitoa kwa pampu ya mkono injini itatetemeka, itatoa moshi mweupe na pengine kuzimika. Pili ni nozeli zisizo za injini ile. Zinaweza kufanana kwa umbo la nje, lakini matundu yake na pembe ya kunyunyiza ni tofauti. Tatu ni majira ya pampu, au taiming kama mafundi wanavyoiita. Wapo wanaoisogeza pampu iwahishe mafuta pale nozeli za zamani zinapochoka, ili gari lipate nguvu kidogo. Ukifunga nozeli nzima bila kuirudisha pampu mahali pake, injini yote itagonga. Nne ni dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyepesi mno, hailainishi pampu wala nozeli. Uchanganyaji huo uliwahi kushamiri nchini kwetu, hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wenye mchezo huo, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Kama uligongewa na injini siku uliyojaza mafuta kituo kipya, anza na tangi.

Jambo la tatu, mzee alichukua spana na kitambaa. Injini ikiwa inanguruma polepole, alilegeza kidogo nati ya bomba la nozeli ya kwanza, amelifunika kwa kitambaa, ili mafuta yatoke nje yasiingie silindani. Injini ikayumba kwa kukosa silinda moja, lakini kugonga kukaendelea. Akakaza. Akalegeza ya pili, ikawa vivyo hivyo. Alipolegeza ya tatu, ng'o ng'o ikakoma. Kijana fundi akaruka: "Si nilisema? Beringi ya namba tatu!"

Mzee akatikisa kichwa. Na hapa, ndugu zangu, ndipo injini nyingi zinaposhushwa bure. Ni kweli kwamba sauti ikikoma ulipokata mafuta, umejua silinda. Lakini hujajua kosa. Nozeli mbaya itanyamaza kwa sababu hakuna mafuta ya kulipuka. Beringi iliyoliwa nayo hupunguza kelele, kwa sababu hakuna mshindo unaoisukuma konrodi. Wote wawili wananyamaza, mwenye kosa na asiye na kosa. Kama sauti isingebadilika kabisa, hapo tungefikiri juu ya valvu, gia au kitu kingine.

Kwa hiyo likaja jambo la nne, ambalo ndilo hakimu. Injini ikazimwa, ikaachwa ipoe kidogo, pakasafishwa vumbi lote kwa brashi na dizeli safi. Kisha nozeli ya silinda ya tatu ikahamishiwa ya kwanza, na ya kwanza ikahamishiwa ya tatu. Kanuni yake ni rahisi. Sauti ikihama pamoja na nozeli, mkosaji ni nozeli. Sauti ikibaki mahali pake, nozeli haina kosa, tafuta katika silinda ile.

Ikawashwa. Kila mmoja akatega sikio, hata vibarua walisimama. Sauti ikabaki silinda ya tatu.

Nilimwona shemeji akifumba macho. Mimi mwenyewe nilijua mambo yamekwisha, injini inashushwa. Lakini mzee hakusema "fungua." Aliitoa tena nozeli ya namba tatu, akaomba tochi, akachungulia ndani ya tundu inamokaa. Akakaa kimya kitambo. Kisha akaomba waya, akaupinda ncha yake kama ndoana, akavua kitu kidogo cheusi, akakifuta kwa kitambaa na kukiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa ni wosha ya shaba.

Kila nozeli hukaa juu ya wosha ya shaba. Kazi yake ni kuziba ili moto wa silinda usivuje, na unene wake ndio unaoamua ncha ya nozeli itokeze kiasi gani ndani. Nozeli za zamani zilipotolewa mjini, wosha tatu zilitoka nazo. Ya nne ilikuwa imeganda na masizi, ikabaki shimoni. Fundi hakuhesabu. Akaweka mpya juu ya ile ya zamani, akakaza. Nozeli ikawa imekaa juu kuliko wenzake, ikinyunyiza mahali pasipo pake, mafuta yakigonga ukuta badala ya kuingia katika kishimo cha pistoni. Ndiyo hiyo konrodi iliyokula beringi!

Kabla ya kurudisha nozeli, mzee aliagiza watu wakae mbali na stata ipigwe kidogo tundu likiwa wazi, ili upepo utupe nje masizi yaliyoanguka. Akaweka wosha mpya moja, kwa kuwa wosha ya shaba iliyokwisha kukazwa hairudiwi, akakaza nati bila kujitutumua, akatoa upepo. Canter ikawaka ikinguruma kama ilivyozoea. Saa tatu asubuhi makreti yalikuwa njiani. Machache yalikuwa yameanza kulegea na yakatupwa, lakini mavuno yakafika.

Nilimwuliza mzee, kama sauti ingehama na nozeli, angefanyaje? Akanieleza kwamba hapo nozeli isingetupwa bali ingepelekwa kupimwa. Iko mashine ya mkono yenye saa ya kuonyesha shinikizo. Nozeli hufungwa pale, mtu akapampu, na mambo matatu yakaangaliwa. Inafunguka kwa shinikizo gani? Kila injini ina kipimo chake kilichoandikwa katika kitabu, na kwa injini nyingi za mtindo wa zamani ni kati ya baa 120 na 250 hivi. Ikifunguka mapema, mafuta huingia mapema, na injini hugonga. Inanyunyiza ukungu, au inachirizika? Na ikibanwa shinikizo pungufu kidogo ya lile la kufungukia, inakaa sekunde 10 bila kudondosha tone?

"Nozeli mpya nayo hupimwa," alisema. "Upya si dawa." Sindano iliyo ndani ya nozeli imepishana na nyumba yake kwa nafasi ya maikroni chache tu, wakati unywele wa kichwani mwako una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe ya vumbi la Dodoma ikiingia, sindano inakwama. Ukiikaza nozeli kwa nguvu kupita kiasi, nyumba yake inajipinda, na sindano inakwama vile vile. Kwa hiyo yule anayekubadilishia nozeli kando ya barabara, upepo unavuma, mabomba yamelala mchangani, anakuuzia ugonjwa kwa fedha zako.

Ni wajibu wangu kutoa maonyo mawili kabla hatujaagana. La kwanza, dizeli inayotoka kwenye nozeli ina nguvu ya kupenya ngozi kama sindano ya hospitali. Usiweke kidole wala kiganja mbele yake. Ikikupenya, hata kama kidonda ni kama nukta, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa maana watu wamekatwa vidole kwa kudharau nukta hiyo.

La pili, kulegeza mabomba ni kwa injini za mtindo wa zamani tu, zenye pampu inayosukuma kila bomba peke yake. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 yameenea magari ya dizeli ambayo nozeli zote hulishwa na bomba moja kuu na kuamriwa na kompyuta. Ndani ya bomba hilo shinikizo hupita baa 1,000, na katika mengine hufika 2,000. Hilo usilifungue kamwe injini ikiwaka. Tena nyingi kati ya nozeli hizo zina namba zake za siri ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Zisipoingizwa, injini inaweza kugonga na kutoa moshi ingawa kila kitu ni kipya. Ukiwa na gari la namna hiyo, swali lako la kwanza kwa fundi liwe moja: una kifaa cha kuziandikisha?

Ndugu wasikilizaji, simlaumu sana yule kijana aliyesema injini ishushwe. Konrodi huliwa kweli, na sauti yake inafanana na ile tuliyoisikia. Kosa lake ni kwamba alitoa hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi. Nasi wenye magari tuna kosa letu. Tunamlipa fundi kwa wingi wa vyuma alivyofungua, hatumlipi kwa kufikiri kwake. Mzee wa Makutupora alifungua nozeli mbili tu. Tungempima kwa jasho lake, tungempa fedha ya soda. Shemeji alimpa zaidi ya hapo, na kreti moja ya zabibu juu yake.

Basi siku injini yako itakapoanza kugonga baada ya kubadili nozeli, anza na lile lililoguswa mwisho. Nusa oili, tafuta silinda, badilishana nozeli, na chungulia shimoni kwa tochi. Uliza wosha ngapi zilitoka na ngapi zimeingia. Yakishindikana yote hayo, hapo ndipo uite winchi ya kushushia injini.

Hadi juma lijalo, kwaherini.